Vipimo vya Mama wa Bibi Harusi

Mama Cécile alikikata kitenge siku ya Jumanne, kabla karatasi ya vipimo haijamfikia. Katika miaka saba niliyokaa jirani naye hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Mafundi wengine hukata kwa kukisia, yeye hapana. Kila mtu aliyewahi kushonewa nguo kwake ana ukurasa katika madaftari manne yaliyofungwa pamoja kwa kamba: kifua, kiuno, nyonga, urefu, na pembeni maneno machache, kama "anapenda mikono mirefu" au "tumbo litaongezeka." Lakini kitenge hiki alikitandaza mezani, akakiangalia kwa muda mrefu, akachora kwa chaki bila kufungua daftari lolote, akakata. Vipimo alivijua kwa kichwa. Vilikuwa vyake mwenyewe.

"Unaona aje, Elo?" aliniuliza, ameshikilia kipande cha mbele kifuani pake. Kilikuwa cha njano chenye majani ya rangi ya kahawia. "Nitafanana na mama ya bibi harusi?"

Nilisema ndiyo. Mimi si mtu wa kusema sana.

Sisi tuliotoka Kivu, Kongo, tuna desturi yetu ya siku ya mahari hapa kambini. Siku kadhaa kabla, familia ya mwanamume hutanguliza kitenge cha mama, yadi sita, ili kishonwe mapema. Siku yenyewe mama hakai nje na wageni. Anakaa ndani ya nyumba, amekivaa, mpaka vitu vyote vilivyo kwenye orodha vipokelewe. Halafu bibi harusi anaingia ndani peke yake, anamshika mama yake mkono, anamtoa mbele za watu. Tunaita kumtoa mama. Wageni wanaweza kuwa wameshakula na kushiba, lakini kabla ya hapo hakuna ndoa. Na yadi sita ni za mtu mmoja.

Bibi harusi alikuwa Charlène, mtoto pekee wa Mama Cécile. Mama Cécile alimzaa na kumlea hadi miaka minane. Miaka kumi na miwili iliyofuata alilelewa na Odette, mdogo wake Mama Cécile. Kambi nzima ilijua hivyo, na kambi nzima ilidhani haina haja ya kuuliza ni nani atakayetolewa.

Mama Cécile hakuja Malawi akikimbia. Watu wapya huwa hawaamini jambo hili. Alikuja mwaka 2013 akiwa na pasipoti, mkoba mmoja na barua ya kanisa lake la Kadutu, mjini Bukavu, iliyosema kwamba dada Cécile Balagizi, mjane, fundi wa cherehani, ametengwa kwa kazi ya Bwana kati ya wakimbizi wa Dzaleka kwa muda wa miaka miwili. Walimwekea mikono. Idara ya wanawake ilimvika kitenge cha buluu chenye njiwa weupe, picha ikapigwa, na kesho yake akapanda gari. Odette hakuwa ameolewa, kwa hiyo mtoto alibaki kwake. Miaka miwili si kitu, kila mtu alisema, na Odette naye alisema hivyohivyo.

Niliwahi kumuuliza wito ulimjiaje. Nilitegemea ndoto, au sauti. Aliniambia kwamba Jumapili moja kanisani ilisomwa barua kutoka Dzaleka, iliyosema kuwa wanawake wa huku wanakaa kutwa nzima mikono mitupu. Wiki ile alikuwa anashona majoho ya kwaya na hakuweza kuyamaliza. "Mikono ilikataa," alisema. "Nilijua tu ni mi. Kama vile unagusa kikombe, unajua chai imepoa bila kuonja."

Alianza na cherehani mbili chini ya turubai. Alifundisha kushona na Injili ya Luka, na wanawake wasiojua kusoma walianzia namba za utepe wa kupimia. Baada ya mwaka mmoja walikuwa thelathini. Kisha wakulima wa Madisi, Wamalawi, wakasikia habari zake na kumwalika awafundishe, akawa anakwenda huko kila mwezi, na kwenye barabara ya vumbi anapanda kabaza, yaani baiskeli ya kukodi, Biblia ikiwa ndani ya mfuko wa vitambaa.

Kila mwaka alimshonea Charlène gauni na kumpa msafiri. Vipimo alivyokuwa navyo ni vya siku aliyoondoka, ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza: Charlène, miaka 8. Akawa anaongeza kwa kukisia, sentimita tatu hapa, nne pale. Hiyo ndiyo nguo pekee aliyoikisia maishani, na aliikisia mara kumi na mbili.

Ile miaka miwili ilipopita hakurudi. Barua za kanisa zikawa chache, zikakoma. Mwaka 2017, pasipoti ilipokwisha muda na habari za kwetu kuzidi kuwa mbaya, alisimama kwenye foleni ya kuandikishwa kama sisi wengine. Mtumishi aliyetumwa akawa mkimbizi. Alilisema jambo hilo mara moja tu mbele yangu, akicheka, na kicheko hakikufika mbali.

Halafu vita vikafika Bukavu, mwanzoni mwa mwaka 2025. Odette na Charlène walitoka kupitia Uvira, wakavuka Burundi, wakavuka Tanzania, na mwezi wa sita wakashuka hapa mbele ya ofisi ya kupokea wageni. Mama Cécile alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, na mimi nilikuwa naye kwa sababu macho yake hayaoni vizuri mbali, wala karibu. Nilimwonyesha. Msichana mrefu, ameshika begi la mwanamke mnene aliyekuwa akitembea kwa taabu.

"Charlène," alisema.

Msichana alimkumbatia vizuri, kwa heshima. Kisha akageuka. "Mama, ikala kwanza hapa, utaanguka," akamwambia Odette. Na alipomrudia Mama Cécile aliuliza, "Mama Mwinjilisti, wapi tunaweza pata maji?"

Ndivyo kambi nzima inavyomwita, Mama Mwinjilisti. Labda alilisikia jina hilo kwa watu waliokuwa wakimsalimu pale. Mpaka leo anamwita hivyo.

Haikupita miezi minane Akilimali akaleta barua ya kuomba uchumba. Ni kijana wa Fizi aliyekulia hapa, fundi wa simu, anapiga kinanda kanisani. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Mahari yakapangiwa Jumamosi ya pili ya mwezi, kitenge kikatangulizwa, na Mama Cécile akakikata.

Alhamisi darasa la ushonaji lilikuwa limejaa. Wanawake walishajua kuhusu kitenge, na Shukrani, mwanafunzi wake wa zamani ambaye hawezi kukaa dakika mbili bila kumchokoza mtu, alikuwa amejifunga kipande cha bitana kichwani na kutembea kati ya cherehani.

"Muone Mama Mwinjilisti siku ya dot, siku ya mahari! Hivi njo atatembea. Pole-pole. Kama bibi ya gavana!"

"Shukrani, acha. Maliza ile kola."

"Kola itamaliza yenyewe. Mama, siku ile utatusalimu ao utatupita?"

"Nitakupita we peke yako."

Walikuwa bado wanacheka Charlène alipobisha hodi mlangoni. Alisalimia wote, kisha akatoa karatasi ya vipimo iliyokunjwa mara nne.

"Mama Mwinjilisti, nimeleta mesure. Ya kile kikwembe walitanguliza."

"Mesure ya nani tena?" Shukrani akadakia. "Fundi iko hapa na mwili yake yote!"

Charlène hakucheka. Aliiweka karatasi mezani, akasema Akilimali anamngoja barabarani, akaondoka haraka.

Mama Cécile alinisogezea karatasi, kwa sababu mimi ndiye humsomea maandishi madogo. Nikaifungua. Ulikuwa mwandiko wa Charlène, nadhifu, kama wa mtu aliyeandika mara mbili na kuitupa ile ya kwanza.

"Kifua," nilisoma, "mia moja na kumi na mbili."

Mama Cécile ni mwembamba. Kifua chake ni themanini na sita, nimewahi kumwandikia. Wanawake wote walikuwa wakiniangalia, nikaendelea.

"Kiuno, mia moja na nne. Nyonga, mia na kumi na tisa. Bega la kushoto liko chini, sentimita tatu."

"Bega gani?"

"La kushoto."

Alifungua daftari la kwanza mwenyewe. Ukurasa wa pili, nyuma ya ule wa Charlène. Aliusogeza karibu na pua yake. "Mabega ya Odette yalikuwaka sawa," alisema, si kwangu wala kwa mtu yeyote. Shukrani alishavua kile kilemba cha bitana na kuinamia kola yake. Cherehani zikaanza moja moja.

Kesho yake tuliomba ruhusa ya kutoka na kwenda Lilongwe. Alitaka yadi mbili tu za kitenge kilekile. Vipande alivyokwisha kukata vilimtosha yeye. Kwa Odette vilipungua ubavuni pote na begani, na masalio yalikuwa vipande vya ukubwa wa kiganja. Katika soko la Chilinde tulizunguka tangu saa tatu. Nilibeba kipande cha mfano na kukionyesha kila meza.

"Chatha, amayi," mwanamke mmoja alituambia, kimekwisha. Kisha akamwonea huruma na kumpa kigoda. "Mwezi uliopita kilikuwa tele."

"Zikomo," Mama Cécile alimshukuru, na hakukaa.

Tulielekezwa kwa Mkongomani mmoja anayeuzia vitenge nyumbani kwake Area 49, upande wa Gulliver. Tulikwenda. Yeye naye alikitambua, akasema kilikuja katika robota moja tu kutoka Zambia na hakitarudi. Alitutolea vingine vinavyofanana. Mama Cécile alivishika kimoja baada ya kingine, kwa vidole kuliko kwa macho, akamrudishia.

Saa tisa tulikuwa karibu na kituo cha mabasi ya mbali. Hapo ndipo alipokubali kukaa, juu ya ukuta mfupi, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba. Nilinunua maji, tukanywa kwa zamu.

"Hapa njo ilikuwa," alisema.

Sikuelewa.

"Mwaka elfu mbili na kumi na tano, mwezi wa nane. Basi ya Mbeya ilisimama pale, penye ule mama wa mayai. Miaka mbili ilikwisha. Darasa lote lilinisindikiza, waliimba mpaka kondakta akakasirika. Nilikuwa na tiketi. Nilikuwa ndani, Elo. Nilishaikala."

Alinisimulia kwamba siku ile watu watatu wa Madisi walifika na baiskeli zao, wamelowa jasho. Mwinjilisti wao alikuwa ameondoka wiki ile bila kuaga, na kulikuwa na watu kumi na mmoja waliokuwa wakifundishwa kwa ajili ya ubatizo. Walisimama chini ya dirisha lake. Hawakumwomba abaki. Walimuuliza tu kama anamjua mtu mwingine.

"Mi nikashuka. Nilisema miezi mitatu. Batu wanasema vita vilinizuia, wanasema njia ilifungwa, na mi ninawaacha waseme. Njia ilikuwa wazi. Basi ilienda na kiti yangu haina mutu."

Nilisoma vitabu vingi katika masomo yangu ya chuo, na katika vingine mlikuwa na watu walioacha nyumba zao kwa ajili ya imani. Nikamuuliza tu kama alijuta.

Mwanamke wa mayai alimaliza kuuza, akakunja kitambaa chake.

"Wale kumi na moja walibatizwa wote. Mmoja ni shemasi leo, na batoto yake wananiita nyanya. Ile haiwezi kuwa makosa."

"Na Charlène?"

"Ile nayo haiwezi kuwa sawa." Akaanza kuvaa viatu, na kimoja kilikataa kuingia. "Alikuwa na miaka kumi. Nilimwambia mwezi wa nane. Twende, tutakosa gari."

Jumamosi hakushona. Jumapili baada ya ibada Mchungaji Delphin alikuja nyumbani. Ni mtu mwema, na yeye ndiye angekuwa msemaji wa familia siku ya mahari. Alikuwa amesikia habari za karatasi. Shukrani asingeweza kukaa nazo siku tatu. Alikaa kwenye kiti chenye mkono mmoja, akakataa chai, akaikubali.

"Mama Mwinjilisti, niseme wazi. Mimi nitaita mama ya bibi harusi, na kanisa lote litangoja we utoke. Wageni watatoka mpaka Lilongwe. Akitoka mwingine, watasema mwinjilisti wetu alitupa mutoto."

"Wakisema vile, watakuwa wamesema uongo gani?"

"Hukumtupa! Ulimwacha kwa ajili ya Injili."

"Mchungaji, mutoto ya miaka kumi hajui tofauti."

Alikunywa chai yake. Alisema atazungumza na Charlène, kwamba msichana anamheshimu, kwamba neno moja la mchungaji lingetosha. Nadhani lingetosha kweli. Mama Cécile alikitazama kile kitenge kilichokunjwa juu ya cherehani, na nikaona kwamba analitaka neno hilo. Alilitaka sana. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi, na hapa palikuwa na mtu anayejitolea kumpa kitu kimoja.

"Ningoje mpaka kesho," alimwambia.

Jumatatu asubuhi Odette alikuja mwenyewe, kabla ya darasa. Alisimama mlangoni akihema, mkono kwenye fremu.

"Dada, vaa we," alisema kabla hajasalimia. "Umeshakata. Mi nitabaki na bamama kwa sufuria. Nani ataniona?"

"Ikala."

"Sikai. Nimekuja kusema tu."

"Charlène amesema nini?"

"Charlène ni mutoto."

"Iko na miaka makumi mbili na moja. Amesema nini, Odette?"

Odette alitazama sakafu. Ana sura pana ya upole, na uongo haujapata mahali pa kukaa juu yake. "Amesema akiingia mule ndani akute mutu mwingine, atatoka peke yake. Amesema hataolewa siku ile."

Nje mtu alikuwa akitwanga.

"Toa ile koti," Mama Cécile alisema. "Simama hapa penye mwanga. Elo, andika."

Alichukua utepe shingoni mwake na kuanza upya, kana kwamba ile karatasi haijawahi kuletwa. Kifua, kiuno, nyonga. Aliita namba, nami niliziandika, na zote zilikuwa zilezile za Charlène. Alipofika mabegani aliacha utepe na kutumia viganja. Kimoja kulia, kingine kushoto. Vikakaa pale.

"Hii bega ilikuwa nini?" aliuliza.

"Ni mguu ya Charlène, ile alivunjika," Odette alisema. "Kwa ngazi za Kadutu. Darasa ya tano. Miezi nane alikuwa na plasta, na mwalimu alikataa kumungoja. Nilikuwa ninamubeba mugongoni asubuhi, ninamurudisha saa sita, na mukoba yake na zile fimbo za kutembelea huku kwa bega ya kushoto. Ule mulima unaujua."

"Ninaujua."

"Basi, bega ilibaki chini."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungefanya nini, dada? Ungekuja?"

Hakukuwa na ukali katika swali lile. Odette aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Geuka," Mama Cécile alisema.

Alipomaliza alivuta sanduku la bati chini ya kitanda. Chini kabisa, ndani ya gazeti, kilikuwamo kitenge cha buluu chenye njiwa. Nilikuwa nimekiona mara moja tu, siku alipokianika kisipate nondo. Alikitandaza juu ya meza na kuchukua mkasi.

"Dada, hapana. Hii ni ile walikuvalisha siku—"

"Simama wima. Ukisema, bega inapanda."

Alikata vipande virefu vya ubavu, kutoka kwapani hadi pindoni, na kimoja kifupi cha bega. Mkasi ulipita katikati ya njiwa bila kuwachagua. Odette alikuwa analia bila sauti na kujitahidi asitikisike, kwa kuwa kila kipande kilikuwa kikipimwa mwilini mwake.

Nisidanganye: haikutokea kuwa nguo nzuri sana. Njano ilikuwa mpya na buluu ilikuwa imepauka, na mtu yeyote angeona kwamba kitambaa hakikutosha. Lakini ilikaa. Bega liliinuliwa kwa ndani kwa pamba kidogo, na Odette alipoivaa alisimama kama mtu aliyetua mzigo chini.

Jumamosi ile tulikuwa watatu ndani ya nyumba: Odette amekaa kitandani asikunje nguo, Mama Cécile amepiga magoti akishona kipande cha pindo kilichoachia, na mimi nikimshikia sindano nyingine yenye uzi. Nje Mchungaji Delphin alikuwa akisoma orodha, na watu wakimrudishia maneno.

"Mbuzi!"

"Mbuzi iko wapi? Ile ni paka!"

"Paka ya kwenu inatoa maziwa?"

Kicheko, kisha vigelegele, kisha suti ya mjomba, kisha viatu vya mjomba, ambavyo alitakiwa avijaribu mbele ya watu na havikumwingia. Halafu kukatulia. Sauti ya mchungaji ikasema, "Sasa tunaomba mama ya bibi harusi." Hakutaja jina. Alikuwa ameombwa asitaje.

Charlène akaingia na kufunga mlango nyuma yake. Alikuwa na hofu usoni, na alimwangalia kwanza Mama Cécile, aliyekuwa sakafuni katika nguo zake za kila siku. Kisha akamwona Odette. Kisha akaona ile buluu.

Aliinama akaishika, ubavuni.

"Ni ile ya kwa picha," alisema.

Picha ya siku ya kutumwa ilikuwa ukutani kwao Bukavu miaka yote. Hilo nililijua kwa Odette.

"Kitambaa hakikutosha," Mama Cécile alisema. "Nilikosea kukata."

Charlène alibaki ameishika kwa muda, kidole gumba juu ya bawa la njiwa lililokatwa nusu. Nje mtu alianzisha wimbo. Charlène alimshika Odette mkono, akafungua mlango, wakatoka kwenye mwanga, na vigelegele vikapanda mpaka mabati yakatetema. Kama kulikuwa na minong'ono, sikuisikia.

Mama Cécile alikuwa bado amepiga magoti. Nilidhani anaomba, kumbe magoti yalikuwa yamekataa. Nilimshika chini ya kwapa nikamwinua.

"Pindo ya nyuma ilikuwa sawa?" aliuliza.

"Ilikuwa sawa."

"Sikuweza kuona."

Tulikaa kitandani hadi wimbo wa tatu. Kisha alisema wanawake wa sufuria watahitaji mtu wa kugawa nsima, ugali wa huku, akajifunga kanga, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jumatano ya wiki iliyofuata Charlène alibisha hodi darasani. Wanawake walikuwa wameshaondoka. Alisimama penye meza akicheza na chaki.

"Mama Mwinjilisti, ile robe, gauni ya harusi. Akilimali anasema tushone Lilongwe. Mi nimesema tuulize hapa kwanza."

"Kitambaa kiko?"

"Kiko."

Mama Cécile alichukua daftari la kwanza akanipa, limefunguliwa ukurasa wa kwanza. Charlène, miaka 8. Kifua 62. Chini ya vipimo vile ukurasa wote ulikuwa mtupu.

"Andika pale chini yake," aliniambia. Na kwa msichana: "Toa viatu. Nyanyua mikono."

Charlène alinyanyua mikono. Alitazama mbele, juu ya kichwa cha mama yake, kwenye kalenda ya mwaka juzi.

"Zile nguo zilikuwa zinanibana," alisema. "Zote."

"Ninajua. Odette aliniambia."

"Nilikuwa ninazivaa ndani ya nyumba."

Mama Cécile aliuzungusha utepe.

"Kifua, themanini na tisa," alisema. Nikaandika. Akaita kiuno, akaita nyonga. Urefu, kutoka begani hadi sakafuni, aliinama kuupima na akakaa kule chini kidogo kabla ya kuinuka. Mia moja arobaini na sita. Nikaandika. Halafu akarudi begani na kuupima tena, taratibu, ingawa hakuwa amekosea. Charlène hakuishusha mikono yake. Mia moja arobaini na sita. Niliiandika mara ya pili, chini ya ile ya kwanza.